Zulia Lililorudi Kutoka Kuoshwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kabla sijafanya jambo ambalo nikishalifanya halitarudi nyuma, na naomba pia usichapishe jina langu wala la mtaa wetu, kwa sababu mtu ninayekuandikia habari zake huisoma safu yako kabla hata ya kurasa za mbele, na akijua ni mimi atacheka kile kicheko chake cha puani ambacho kwa kweli nimekichoka.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa mabinti wawili walioko shule ya bweni, na kazi yangu ni ukaguzi wa rangi katika kiwanda cha vigae. Vigae hupita mbele yangu juu ya mkanda kutwa nzima, na mimi hukitoa kile ambacho weupe wake umezidi kidogo au wekundu wake umepungua, hata kama wewe ungekiona sawa na wenzake. Sikuelezi haya kwa kujisifu, nakueleza ili ujue kwamba mtu akiniambia macho yangu yamenidanganya kuhusu rangi, ni sawa na kumwambia mwokaji hajui harufu ya mkate unaoungua.

Tatizo langu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Huyu ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, akamsomesha, na hilo silikatai, nalisema mwenyewe mbele za watu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye duka kubwa la samani, kazi ya kupanga vyumba vya maonyesho, kitanda hapa, taa pale, zulia chini, na alipostaafu akaja kukaa kwetu, chumba cha nyuma kinachotazama kamba za nguo. Tangu aje hakuna kitu ndani ya nyumba yangu kilichobaki mahali pake, pazia limesogezwa, kioo kimehamishwa, hata ndoo ya jikoni imepata makao mapya, na kila anachokihamisha kinapendeza, na hapo ndipo panaponiuma.

Sasa mwaka huu nilipata pesa yangu ya likizo niliyokuwa nailimbikiza, nikasema naweka zulia sebuleni, tena si lile la mashine linalouzwa limeviringishwa kama bomba la maji, nataka la zamani lililofumwa kwa mkono, kama nililoliona nyumbani kwa meneja wetu siku ya hafla, lile ambalo mtu akiingia anavua viatu bila kuambiwa. Mume wangu akasema, "Nenda na dada, yeye anayajua hayo mambo." Nikajiuliza kwani mimi sina macho, lakini nikanyamaza, tukaenda.

Duka lenyewe liko ghorofani, juu ya watu wa fotokopi, unapanda ngazi nyembamba unakutana na harufu ya sufu na dawa ya nondo, mazulia yamepangwa hadi karibu na dari, na mwenye duka ni mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, kwa hiyo mimi namwita Miwani. Alianza kutufunulia moja baada ya jingine, na mimi nikalipenda moja mara tu lilipotua chini, jekundu, limenyooka, rangi sawa kutoka pembe hadi pembe, matamvua meupe pe. Miwani akasema lilifumwa enzi za babu yake. Wifi alitoa leso mkobani, akailowesha kwa maji ya chupa, akasugua pale palipokuwa pekundu, leso ikatoka imejipaka rangi ya mdomo, kisha akainua pembe ya zulia akanionyesha kwamba matamvua yale yameshonewa juu kwa cherehani.

"Babu yako alikuwa na cherehani?" akamuuliza Miwani.

Miwani akakohoa, akalikunja. Mimi nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyeulizwa.

Halafu wifi mwenyewe akachomoa kutoka chini kabisa ya rundo zulia kuukuu, wekundu wake wa giza, pindo la upande mmoja limefumuka, pembeni lina kiraka kikubwa kama kiganja cha mkono, na katikati umepita mstari ambapo ule wekundu unageuka ghafla kuwa rangi ya tofali. Mshauri, kiwandani kwetu kitu kama hicho kingekwenda moja kwa moja kwenye pipa la mabaki! Nikamwambia wifi, hili lina kasoro. Akaligeuza tumbo juu, akanionyesha nakshi za mbele zinavyoonekana zote kwa nyuma, fundo kwa fundo, mafundo mengine makubwa mengine madogo, akasema, "Huyu mfumaji aliishiwa sufu katikati ya kazi, akatia nyingine rangini, haikulingana na ya kwanza. Mashine haiishiwi, wifi. Ndivyo unavyojua ni mkono wa mtu." Na Miwani akatabasamu akasema, "Mama, jicho lako kali kama zamani."

Kama zamani! Kwa hiyo wanajuana. Tena akapunguza bei kabla hatujamwomba, na mimi sijawahi kumwona mfanyabiashara anayepunguza bei bila kuombwa, ila nikaliweka akilini nikalipa.

Lilipotandikwa, nakiri, lilipendeza. Kiti changu ni kile cha karibu na mlango kwa sababu ndiyo njia ya jikoni, na nikikaa pale nauona wekundu wake mzito, wa ndani, hata chai nilikuwa nainywa polepole ili nisiinuke mapema. Mume wangu hukaa dirishani, na yeye alisema ni zuri ila limepauka kidogo, nikamwambia wewe na rangi wapi na wapi, kaa usome gazeti lako. Kilichonikera ni kile kiraka, maana kilikuwa upande wa mlangoni, kila mgeni akiingia anakiona, na jirani yetu wa chini alipokuja aliuliza, "Hapa panya walipita?"

Baada ya muda wifi akasema zulia la umri ule lina vumbi la miaka, lazima lioshwe na mtu anayejua, na yeye anamjua mtu, akaita gari akalipeleka mwenyewe. Alisema halitachukua muda. Likakawia, nikimuuliza anasema, "Linakauka," nikimuuliza tena, "Linakauka," mpaka nikajiuliza ni zulia au ni samaki. Na katikati ya kukauka huko jirani wa chini akaniambia kwamba alimwona wifi yangu akipanda ngazi za duka la Miwani na mfuko mkononi, si mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu, mshauri, nikaanza kuhesabu mawingu.

Siku liliporudishwa wifi alikuwa sokoni. Wabebaji wakauliza walitandike vipi, nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikawaambia waligeuze, ule upande wa kiraka uende dirishani chini ya kochi, wageni wasikione tena. Wakalitandika wakaenda zao. Nikakaa kwenye kiti changu, nikatazama chini. Zulia lilikuwa limepauka! Wekundu wote ule mzito haupo, imebaki rangi nyepesi iliyochujuka, na ninakuapia kwa kazi yangu kwamba hiyo si rangi iliyotoka nyumbani kwangu.

Nikapiga magoti nikalikagua. Kiraka kipo, ndiyo, lakini kiraka kinaigika. Mstari wa tofali upo, lakini anayejua kuiga huiga vyote. Ila kwenye pindo, mshauri, hapo ndipo walipojisahau! Lile pindo lililokuwa limefumuka limefungwa kwa uzi mwekundu, vizuri kabisa, mpaka nusu ya njia, halafu kuanzia nusu limefumuka vilevile kama mwanzo, maana yake walikuwa wanalitengeneza la bandia lifanane na langu, wakashikwa na haraka, wakaliacha njiani.

Mume wangu aliporudi kazini akaenda kukaa dirishani kwake, akatazama chini, akasema, "Eh, limerudi na rangi yake! Sasa limekolea." Limekolea! Mimi nimekaa pale naliona limechujuka, yeye anasema limekolea, na wote tuko chumba kimoja, zulia moja, saa moja. Hapo nikajua kwamba na yeye yumo, wamepanga yeye na dada yake, kikulacho ki nguoni mwako.

Wifi alirudi na kikapu chake, akapita moja kwa moja hadi dirishani kumsalimu mdogo wake. Nikamuuliza nikiwa nimesimama mlangoni, "Wifi, zulia langu liko wapi?"

"Si hilo hapo chini?"

"Hilo ni jingine. Mmelibadilisha, wewe na Miwani wako."

Akalitazama zulia. Akalitazama kochi. Akanitazama mimi. Halafu akasema, tena kwa sauti ya chini kabisa, "Wifi, njoo usimame hapa nilipo."

Nikamwambia mimi siamrishwi nyumbani kwangu, umehamisha ndoo, umehamisha pazia, sasa unataka kunihamisha na mimi? Nikamwambia mwizi hampangii mtu pa kusimama. Mume wangu akasema, "We! Hilo neno lirudishe." Sikulirudisha. Wifi aliweka kikapu mezani, akaingia chumbani kwake, akatoka na sanduku, na mpaka leo yuko kwa rafiki yake waliyefanya naye kazi zamani. Mtu asiye na hatia angejitetea, au sivyo? Na nilipokwenda kutandua kitanda chake nikakuta chini ya godoro sindano iliyopinda na fungu la sufu nyekundu, si ndivyo vifaa vya kuigizia kiraka hivyo?

Sasa mwisho wa mwezi kuna kikao. Nimemwita baba mdogo wa mume wangu na kaka yangu mimi, nataka jambo hili lisemwe wazi mbele ya wakubwa, wifi arudishe zulia langu au itamkwe kwamba ni mwizi. Mume wangu amehamia chumba cha nyuma, analala kwenye kitanda cha dada yake, na neno aliloniambia ni moja tu: "Ukimwita dada yangu mwizi mbele ya baba mdogo, mimi usinihesabu tena humu." Nampenda mume wangu, mshauri, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikipumua. Lakini haki ni haki. Ninachoomba uniambie ni hiki: niende polisi kabla ya kikao au baada ya kikao?

Ni mimi,
Mwenye Macho Yake


MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Macho Yake, macho yako ni mazima. Kinachokuponza ni miguu, haitaki kusogea.

Kabla sijakugombeza nikupe haki yako kwanza. Kushuku si dhambi, na mtu anayenunua zulia la zamani bila kushuku anastahili atakachouziwa. Wapo wanaolichukua zulia jipya wakalianika juani mpaka lizeeke, wakalimwagia chai, wengine wakalitandaza mahali pa kupita watu likanyagwe, kisha wanakuletea hadithi ya babu. Sikukatazi kuwashuku hao. Lakini hebu angalia mwenyewe: siku ile dukani nani alishuku? Ni wifi yako aliyelowesha leso. Ni yeye aliyeinua matamvua na kuuliza habari za cherehani. Wewe ulikuwa tayari kulipia lile jekundu lililonyooka kwa sababu lilifanana na kigae. Mtu aliyetaka kukuibia angekuacha ulinunue, akaenda kugawana na Miwani kwenye ngazi.

Na hilo la "kama zamani", dada yangu! Mwanamke amepanga vyumba vya duka la samani miaka mingi, ametandika mazulia mpaka amestaafu. Unataka muuza mazulia asimjue? Kama mimi ningekwenda naye, ningemwomba Mungu wifi huyo ajulikane zaidi, nipunguziwe tena.

Sasa tuje kwenye rangi. Barua yako nimeisoma nikairudia, kisha nikainuka kitini, maana hapa ofisini nina zulia dogo nililoachiwa na mama yangu. Nikalitazama kutoka upande wa kabati, nikazunguka nikalitazama kutoka upande wa mlango. Mhariri akaniuliza kama nimeangusha hereni. Nikamwambia natafuta zulia la mtu.

Kigae ukikizungusha hakibadiliki, rangi ni ileile kutoka kila upande, na wewe umeyazoesha macho yako hivyo. Zulia lililofumwa kwa mkono lina manyoya, na manyoya yale yamelala kuelekea upande mmoja, kama ya mgongo wa paka. Ukikaa upande ambao yanakujia, unatazama ndani yake, unaona rangi nzito. Ukikaa upande ambao yanakukimbia, unaona migongo yake tu, nayo inang'aa, rangi inaonekana imepauka. Zulia ni lilelile. Huna haja ya kuniamini mimi, pitisha kiganja juu yake: upande mmoja litateleza, upande wa pili litakukwaruza.

Mwanzo, manyoya yalikuwa yanaelekea mlangoni kwako. Wewe ukaona wekundu mzito, ukanywa chai polepole. Mume wako dirishani akakuambia mapema kabisa, kabla ya kuoshwa, kabla ya Miwani, kabla ya sanduku, kwamba yeye analiona limepauka. Ulimjibuje? Wewe na rangi wapi na wapi. Kisha siku liliporudi, nani aliwaambia wabebaji waligeuze? Si wifi, alikuwa sokoni. Si mume, alikuwa kazini. Ni wewe, kwa sababu ya kiraka na maneno ya jirani. Ukachukua ile rangi uliyokuwa unaipenda ukaielekeza dirishani kwa mikono yako, na mume wako maskini alipoiona akafurahi akasema limekolea. Hakuwa kwenye njama yoyote. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Waswahili walisema kumulika nyoka huanzia miguuni mwako. Wewe umemulika duka, ngazi, mfuko na godoro, miguuni ndipo hukumulika.

Kiraka kinaigika, unasema. Dada, hebu fikiri kama mwizi. Mwizi ameiba zulia zuri, anataka kukuletea baya. Sasa akae chini na sindano akutengenezee kiraka kama kile, na mstari wa tofali kama ule, afume zulia zima upya kwa mafundo yasiyolingana, kazi ya miezi na miezi, kwa ajili ya kumridhisha mkaguzi wa vigae? Huyo si mwizi, huyo ni mtu wa kuajiriwa.

Nimeliacha lile pindo hadi sasa kwa sababu hapo ndipo niliposhindwa kuendelea na chai yangu. Hili sikuapii, sikuwepo. Ninasoma tu ulichoniandikia mwenyewe. Pindo lilikuwa limefumuka, na pindo likifumuka zulia huliwa kidogo kidogo mpaka katikati. Zulia likapelekwa kuoshwa, likakawia. Wifi yako akaonekana akipanda kwa Miwani na mfuko, na Miwani ndiye mtu mwenye sufu kuukuu ya rangi inayokaribia ile. Likarudi pindo limefungwa nusu. Chini ya godoro kukawa na sindano iliyopinda na sufu nyekundu iliyobaki. Wewe umeviweka vitu hivyo kwenye mstari ukapata wizi. Mimi nimeviweka kwenye mstari uleule nikapata mwanamke mstaafu aliyekaa kitako, anakufungia pindo la zulia lako bila kukuambia, amefika nusu, akatumaini kumalizia nyumbani taratibu. Hilo ndilo lililokuwa linakauka.

Nina swali moja kwako, na usinijibu, jijibu mwenyewe. Kama zulia lile lingechaguliwa na wewe, na leso ile ingekuwa yako, ungemwita mtu mwizi kwa sababu ya rangi? Umeniandikia mwenyewe kwamba kila anachokihamisha kinapendeza na hapo ndipo panapokuuma. Sentensi hiyo uliiandika haraka haraka ukapita, lakini barua yako yote imekaa juu yake. Si kosa kuumia. Nyumba ni yako, na mtu akihamisha ndoo yako bila kuuliza una haki ya kumwambia, "Wifi, ndoo yangu iache." Ungeyasema ya ndoo wakati wa ndoo, yasingegeuka kuwa ya zulia. Ya rohoni ukiyanyamazia, hutokea mlango mwingine, na hutoka na jina baya.

Kuhusu polisi: si kabla, si baada. Utamwambia nini askari, kwamba zulia lako limeibiwa na liko sebuleni kwako?

Fanya hivi, tena leo, usingoje mwisho wa mwezi. Weka gazeti chini. Nenda dirishani, simama pale wifi yako aliposimama siku ile, na utazame chini. Mchana, pazia likiwa wazi. Kama zulia litakuwa bado limepauka, basi mimi ndiye mjinga, niandikie, nitachapisha hapahapa kwamba nimemsingizia mkaguzi wa rangi. Kama utauona ule wekundu wako umelala pale ulikouelekeza mwenyewe, usiniandikie mimi. Wapigie simu baba mdogo na kaka yako uwaambie kikao hakipo. Wakiuliza kwa nini, waambie ulikosea, na usiongeze maneno. Neno "mwizi" ulilisema mbele ya mume wako, kwa hiyo mbele ya mume wako ndipo utakapolirudisha, kama alivyokuomba wakati bado lilikuwa la moto. Kisha nenda kwa wifi yako kwa miguu yako mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu. Usimtume mume. Usimpelekee zawadi, atadhani unamnunua.

Nawe dada mkubwa, kwa kuwa nimeambiwa unaisoma safu hii kabla ya kurasa za mbele, usidhani umepona. Ulipolitazama zulia, ukalitazama kochi, ulikuwa umeshajua. Maneno machache tu yalitosha: "Umeligeuza, wifi." Badala yake ulimpa mtu mwenye hasira amri ya kuhama alipo, na alipokataa ukachukua sanduku na kiburi chako ukaenda navyo. Najua neno lile linachoma, na aliyelea hasahau kuitwa mwizi nyumbani kwa aliyemlea. Lakini akija, mfungulie. Na ndoo ya watu irudishe ilipokuwa.

Mwenye Macho Yake, ukifika mlangoni kwake usianze na zulia wala Miwani wala jirani wa chini. Mwambie hivi tu: "Wifi, nimesimama pale uliponiambia." Atakuelewa. Halafu mtolee sindano yake na ile sufu, umkabidhi mkononi, kwa sababu pindo bado ni nusu.